Chui wa Mboje

Mboje alikuwa na makovu mengi kuliko dume la ng'ombe lililozeekea vitani, na kila kovu lilikuwa na hadithi yake. Lile la begani, pana, lililokunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka, lilikuwa la chui. Alikutana naye porini upande wa Maswa, wakakabana tangu jua linachomoza mpaka ng'ombe wanarudi zizini, na mwishowe, kwa maelezo yake mwenyewe, chui ndiye aliyeomba wapumzike kidogo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa tumboni mwa mamba wa mto Simiyu. Kwamba mto huo kiangazi hubaki mchanga mtupu, usio na maji ya kumtosha hata chura, hilo hakuna aliyelitaja, maana hadithi ilikuwa tamu na pombe ya mtama bado ilikuwamo chunguni. Kidevu kilipasuliwa na nyati. Goti nalo lilivunjwa na nyati huyohuyo, alipokuwa anarudi kuomba radhi.

Hadithi hizo zote alizitia kwenye nyimbo, kwa sababu Mboje alikuwa manju, mwimbaji na kiongozi wa ngoma ya Wagika, moja ya jamii mbili za wachezaji wa Kisukuma, na manju asiyejisifu ni kama jogoo asiyewika: anafaa mchuzi tu. Kuanzia Mwamapalala mpaka Bariadi mjini, watoto walijua wimbo wa chui kabla hawajajua kuhesabu.

Nyanjige, mkewe, alipokuwa anausikia wimbo huo alikuwa anainamia sufuria yake na kukoroga ugali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba chui lilikuwa jiko lake. Mafiga matatu na kaa la mkaratusi. Mamba alikuwa jiko hilohilo, msimu mwingine. Nyati alikuwa ukingo wa birika la kunyweshea ng'ombe.

Mboje alikuwa na kifafa tangu alipoanza kuota ndevu. Kilikuwa hakiji bila hodi. Kwanza ulimi ulikuwa unaonja kitu kama msumari wenye kutu, halafu kidole gumba cha kushoto kilianza kuchezacheza chenyewe. Akishaonja msumari, husema, "Natoka kidogo, nyie endeleeni kunywa," na Nyanjige naye huinuka nyuma yake na kanga, kama mwanamke aliyesahau kitu shambani. Nyuma ya kichaka mume alianguka, akatikisika, akatoa povu, akalala. Mke alimgeuza ubavu, akamfuta mdomo, akakaa kumngoja. Wakirudi watu waliwacheka: nyie wawili hamchoki, mmeshazeeka.

Kwa nini asiseme? Mtu anayeuliza hivyo hakuwahi kuishi pale. Pale mtu wa kifafa alikula na sahani yake, akanywa na kikombe chake, na binti zake walisubiri wachumba mpaka meno yakawang'oka. Povu lake likikugusa, umelichukua. Na kuna lingine walilisema kwa sauti ya chini, wakiangalia pembeni: upepo ukimtoka mgonjwa kwa nyuma wakati ameanguka, na wewe ukauvuta puani, basi jihesabu. Ndiyo maana mtu akianguka, waliokuwa karibu walibana pua na kutimka kama wamefungua mzinga wa nyuki. Mayige, mchunga ng'ombe wa watu, alianguka kwenye moto wakati wanachoma mabua ya pamba. Watu wazima, wenye nguvu zao, walisimama kando wameziba pua, wakisema mwacheni kwanza amalize. Alimaliza. Walimzika siku hiyohiyo.

Mwaka juzi wataalamu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mtu mzima anayeanguka. Kila mlango ulijibu hapana. Ng'washi, mpika pombe, bibi mwenye ulimi kama wembe, aliwaambia anayeanguka kwake ni mbuzi mmoja tu, tena kwa sababu anakula machicha ya pombe. Mboje aliwaimbia wimbo wa chui, wakapiga makofi, wakaondoka wakiamini wamepata kijiji chenye vichwa vizima kuliko vyote mkoani. Vidonge vilikuwepo zahanati, Nyanjige alishasikia. Lakini kupanga foleni ile, siku ile ya wanaoanguka, mbele ya benchi lile, ilikuwa sawa na kupanda juu ya ghala la pamba na kujitangaza.

Basi ikafika siku ya mashindano.

Pamba ilikuwa imeshauzwa, uwanja wa ghala ulikuwa mweupe kwa mabaki ya nyuzi zilizopeperuka, na kando kulikuwa na rundo la mabua makavu refu kuliko nyumba, likingoja kuchomwa. Kwa desturi ya huko, makundi mawili hucheza wakati mmoja, duara kwa duara, na watazamaji huenda wanakopenda. Hakuna hakimu wala alama. Mwenye watu wengi jua likizama ndiye mshindi. Na kwa kuwa watu ni kigeugeu, kila manju anakuwa na dawa yake ya kuvutia watu, na dawa nyingine ya kumwangusha mwenzake. Manju akianguka uwanjani, hakuna anayeuliza ana nini. Inajulikana: amepigwa.

Upande wa Wagalu, wapinzani wa Wagika, alikuja Luhaga, mzee wa Lalago, mwembamba kama fito, na chatu hai shingoni. Chatu huyo alimpa jina la Diwani, kwa sababu, alivyosema, anashiba vizuri na haonekani tena mpaka msimu mwingine. Wagika wa Mboje walikuja na majembe. Wanaume na wanawake wapatao arobaini, kila mmoja na jembe lililonolewa likang'aa, la kurusha juu na kudaka kwa mgongo.

"Mwadila, Mboje!" Luhaga alimsalimu kwa sauti kubwa kutoka kwenye duara lake. "Chui hajambo?"

"Hajambo, baba. Anakusalimu."

"Mwambie paka wangu amefika umri wa kuolewa!"

Watu wakacheka, duara la Luhaga likanenepa. Mboje akatema mate.

"Luhaga! Hilo joka umelivaa, au limekuvaa? Maana naona wewe ndiye unayening'inia!"

Watu wakacheka zaidi, wakahama mbiombio, kina mama wakivuta watoto kwa mkono. Maduhu, mpiga ngoma wa Mboje, jitu lenye shingo kama shina la mbuyu na kovu jeusi nyuma ya shingo hiyo, kovu la radi iliyompiga akabaki amesimama, ndivyo alivyosimulia mwenyewe, alipiga ngoma mpaka vumbi likaruka kwa mapigo. Duara la Wagalu likabaki na wazee wachache na mbwa. Luhaga, kwa hasira, akanyoosha usinga wake, akamwelekezea Mboje. Kila manju hufanya hivyo, ni madoido tu.

Na wakati uleule Mboje akaonja msumari.

Akatafuta kanga ya Nyanjige. Aliiona mbali, ng'ambo ya umati, kwa wauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kidole gumba kikaanza. Angeweza kutoka. Lakini manju akitoka dakika hiyo, watu wote wameshahamia kwake, amewarudishia Wagalu ushindi kwa mikono miwili. Akajiambia, wimbo mmoja tu. Akarusha jembe juu, juu kabisa, likameta juani, na hakuliona likishuka.

Yaliyofuata hakuyaona. Alisimuliwa baadaye na watu wengi, kila mmoja akitia chumvi yake, kwa hiyo yanayosemwa hapa ni yale tu ambayo angalau wawili walikubaliana.

Jembe lilishuka likapasua ngoma ya Maduhu katikati. Mboje alianguka kifudifudi, akatikisika, povu likatoka na damu. Maduhu akamnyanyua kifuani kama mtoto, povu likamtiririkia mkononi, wala hakujali, maana huyu hakuwa mgonjwa, huyu alikuwa shujaa aliyepigwa vitani.

"Luhaga kampiga! Kampiga kwa usinga, nimeona mimi!"

Mwanamke mmoja akapiga mwano, ule ukelele ambao Msukuma akiusikia hata kama yuko chooni anatoka na rungu. Majembe yakashuka, safari hii hayakudakwa kwa mgongo. Kijana wa Kigalu alipasuliwa bega mpaka mfupa ukaonekana mweupe kama pamba. Mwandu, Mgika, alivunjwa taya kwa gongo la kupigia ngoma. Anatoli, ambaye hakuwa Mgika wala Mgalu, alikuja kuuza barafu tu, alipoteza sikio, na hilo sikio linasemekana liliangukia kwenye beseni la michembe, na mwenye beseni akaendelea kuuza. Chatu Diwani alikatwa vipande vinne, na kila kipande kikaendelea kujinyonga peke yake chini, watu wakikiruka. Wanawake walipigana kwa vigoda. Mzee mmoja aliuma mtu mguu akabaki hapo, meno ya bandia na yote.

Wagalu walikuwa wageni, na mgeni hana pa kukimbilia. Waliochomoka walichomoka, wakaingia mashambani. Luhaga hakuwahi. Walimkamata kwa ndevu.

Mboje alipofungua macho aliona anga. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa. Suruali ilikuwa imelowa pia, na Nyanjige alikuwa ameshatandaza kanga juu yake.

"Usiinuke," Nyanjige alinong'ona. "Lala. Wanajua umepigwa dawa. Lala hivyohivyo."

Alijaribu kuuliza kitu. Ulimi ulikuwa umevimba ukajaza mdomo wote, umeumwa huku na huku. Ilitoka damu tu.

"Wamemfunga Luhaga," mkewe alisema, bado akimfuta. "Kwenye nguzo ya mzani. Wanampangia mabua."

Mboje akageuza shingo. Kati ya miguu ya watu aliona nguzo ya chuma ya mzani wa pamba, na Luhaga amefungwa hapo kwa kamba ya ng'ombe, uso umevimba jicho moja limepotea. Vijana walikuwa wanabeba mabua matita kwa matita wakiyarundika miguuni mwake, mpaka magotini, mpaka kiunoni. Luhaga hakuwa akiomba. Alikuwa akitukana, kwa mpangilio, ukoo baada ya ukoo.

Mboje akamtazama mkewe. Mkewe akatazama pembeni.

"Ukisema, unakula peke yako mpaka unakufa," Nyanjige alisema. "Na mimi hivyohivyo. Na hakuna atakayekuita manju tena, watakuita kile wanachowaita wale." Mkono uliokuwa unafuta ulisimama. "Lakini mimi nilinyamaza miaka yote kwa sababu hakuna aliyekuwa anakufa. Leo sijui. Sema wewe."

Na ndiyo hapo. Akilala hivyohivyo, kesho anaamka shujaa aliyepigwa na usinga akafufuka, na wimbo mpya juu yake. Luhaga atakuwa majivu. Mboje hakumpenda Luhaga. Alimchukia kwa dhati, kwa miaka, kwa raha. Lakini alimwona Mayige, jinsi alivyokuwa akigaragara katika moto ule na watu wameshika pua.

Akainuka. Akayumba. Umati ulipomwona ukalipuka kwa vigelegele.

"Manju! Manju kafufuka!"

"Aone mwenyewe! Mpeni kiberiti awashe yeye!"

Mboje akafungua mdomo, damu ikamwagika kidevuni, na umati ukanguruma: tazama walivyomfanya! Vijana wakakimbilia mabua mengine. Akajaribu tena. Hakuna neno. Manju aliyeimba tangu mapambazuko hadi machweo bila kukauka, siku hiyo moja alihitaji maneno matatu na hakuwa nayo. Basi akashika shati lake, akalichana mbele mpaka chini, akalitupa. Akageuka, awape bega. Akalipiga kwa kiganja, kofi, kofi, kofi.

"Chui!" watu walimwitikia kwa furaha, wakidhani ni wimbo.

Akatikisa kichwa kwa nguvu, nusura aanguke tena. Akamwelekeza Nyanjige.

Nyanjige alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na sauti yake watu walikuwa hawaijui vizuri, kwa kuwa mume wake alikuwa akizungumza kwa niaba ya nyumba nzima.

"Hakuna chui," alisema.

"Nini?"

"Chui hakuna! Ni jiko langu. Nilimtoa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nguo zinawaka. Na vidole hakula mamba, viliungua vikabaki kama kuni, nikavikata kwa kisu cha kuchunia. Nyati hakuna. Huyu mtu anaanguka kifafa tangu kabla hajanioa, na leo kaanguka kifafa. Huyo mzee hajamfanya kitu. Usinga wake haumwezi hata nzi, mfungueni!"

Hata Luhaga alikatisha matusi katikati ya ukoo.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Maduhu. Alitazama mkono wake. Povu lilikuwa limekauka hapo, jeupe, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Akapiga magoti, akachota mchanga, akaanza kujisugua, akisugua kama mtu anayemtoa magamba samaki, mpaka ngozi ikachubuka na damu ikatoka, bado anasugua.

"Umenipa," alisema. "Umenipa mimi, Mboje! Nimekubeba kama ndugu!"

Akaokota mpini wa jembe lililovunjika. Mboje aliuona ukija na hakuwa na nguvu ya kukwepa. Ulimpata mdomoni. Meno mawili ya mbele yakaondoka, yakaufuata ulimi kwenye taabu yake. Akapiga magoti. Mpini ukamshukia mgongoni, na mara ya pili, na waliokuwa wamemshangilia sasa hivi wakaanza kuokota mawe.

"Mwongo!" mtu alipiga kelele. "Katuimbisha chui!"

"Kala na sisi chungu kimoja!"

Jiwe likampata Nyanjige kwenye nyonga. Hakukimbia. Akamwendea Maduhu mpaka akawa chini ya mkono ulioinuliwa, akainua uso.

"Radi ilikupiga lini, Maduhu?"

"Toka hapa, mama!"

"Nimekuuliza. Hiyo radi ya shingoni. Ilikuwa masika au kiangazi?"

"Nitakuua wewe!"

"Kiangazi," ilisema sauti nyingine, kavu.

Alikuwa Ng'washi, mpika pombe. Alikuwa ameketi juu ya kigoda chake kilichobaki na miguu miwili, kichwa kimefungwa kitambaa chenye damu, maana naye alipigana. Ng'washi alikuwa mama yake Maduhu.

"Mayu, nyamaza," Maduhu alisema.

"Kiangazi, ng'wanone, mwanangu. Mbingu haina hata wingu la kumfunika kuku. Uliangukia chungu changu cha pombe kinachemka, na mimi nikasema radi, kwa sababu ulikuwa unaoa wiki ile. Nilisema mimi. Na mbuzi nilimsingizia."

Maduhu akasimama na mpini wake juu. Usoni hakukuwa na hasira tena. Kulikuwa na kitu kama cha mtoto aliyevuliwa nguo sokoni. Na Mboje, akiwa chini, damu machoni, akaona jambo ambalo hakuliona maisha yake yote. Aliona mikono. Mwanamke mmoja mbele alishusha taratibu mkono wa gauni kufunika kiwiko. Mzee mmoja akavuta kola. Kijana aliyekuwa na jiwe aliliacha lianguke, akaficha kiganja kilichokunjamana nyuma ya mgongo. Kule nyuma mtu alikuwa akifunga kitambaa upya kichwani, haraka haraka, juu ya paji lenye alama. Hapa mmoja, pale mmoja, pale wawili wamesimama pamoja, mke na mume. Aliyeng'atwa na fisi. Aliyepigwa teke na punda. Aliyeanguka na baiskeli, kwa maelezo yao wenyewe. Wengi walikuwa na mikono iliyotulia, hawakuelewa hata kinachotokea. Lakini iliyosogea haikuwa michache, na kila mwenye kufunika alimwona mwenzake akifunika.

Huenda yangeishia hapo. Lakini Maduhu hakuwa mtu wa kuvuliwa nguo akarudi nyumbani kimya. Alitupa mpini, akamnyang'anya kijana kiberiti, akapiga njiti.

"Basi wote tunaumwa!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Wote! Na aliyetuletea ni huyu na joka lake!"

Akatupa.

Mabua ya pamba yaliyokaushwa na jua la kiangazi hayawaki, yanaruka. Moto ulipanda kwa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Luhaga akalia kwa mara ya kwanza, sauti nyembamba, ya mbuzi. Na umati, Wagika na waliobaki wa Wagalu, wabeba mawe na waficha mikono, wote wakafanya walichozoea kufanya. Walirudi nyuma. Wengine, kwa mazoea tu, waliziba pua.

Mboje hakufikiri. Mwili wake ulikuwa unaijua njia ya motoni kuliko mwili wa mtu yeyote pale. Aliokota jembe, akaingia. Nywele zilikwenda kwanza. Halafu nyusi. Akakata kamba, akakosa, akapiga nguzo, akakata tena, jembe likapita na ngozi ya Luhaga pamoja na kamba. Akamkumbatia yule mzee kifuani, wakaanguka pamoja nje ya mabua, wakibiringika, wakiwaka. Nyanjige akawarukia na kanga. Ng'washi akamwaga juu yao pombe yote iliyobaki, akilia kwa ajili ya pombe.

Luhaga alikuwa hai. Miguu ilikuwa imeiva mpaka chini ya magoti, ndevu hazikuwepo. Alilala akihema, jicho lake moja zima likimtazama Mboje. Kisha akakunja ngumi na kumpiga, kwenye mdomo uleule.

"Mshenzi wewe!" alisema. "Nimevaa hirizi ya kumkinga chui wako miaka yote! Kila safari! Inanuka!"

Akazirai. Walimfunga kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili, kumpeleka Bariadi hospitali, na nyuma yake pikipiki nyingine zikabeba bega lililopasuka, taya la Mwandu, na Anatoli aliyekuwa bado anaulizia sikio lake.

Uwanjani Wagika walikusanyika. Hakuna aliyehutubia. Kwa desturi yao, mchezaji anayemkataa manju wake hasemi neno, anaweka jembe miguuni pake na kwenda. Mboje aliketi chini, ameegemea ngoma iliyopasuka, hana nyusi, na Nyanjige akimbandika majani ya mgomba bega lote. Wakaja. Jembe la kwanza. La pili. Waliyaweka kwa kuyatupa, kwa mbali, wasimsogelee. Chuma kiligonga chuma, rundo likapanda. Mboje alitazama kila uso ukipita, na wote aliwafundisha yeye, alijua ni mguu upi wa kila mmoja unachelewa kwenye zamu.

Kisha majembe yakakoma kuanguka. Mboje akainua macho.

Kulikuwa na watu bado wamesimama, kama saba au nane, mmoja mmoja, mbalimbali, wameshika majembe yao, hawatazamani. Mwanamke wa kiwiko. Kijana wa kiganja. Yule mke na yule mume. Na Maduhu, mbele kabisa, mkono umechubuka mpaka nyama.

Maduhu akaja mpaka pale. Akainua jembe lake kwa mikono yote miwili juu ya kichwa cha Mboje, na Nyanjige akafumba macho. Jembe lilishuka likazama ardhini, karibu na paja la Mboje, hata akahisi ubaridi wa chuma. Halikuwekwa. Lilikuwa limesimama, na Maduhu bado ameshika mpini.

"Ukianguka tena mbele za watu," alisema, "nitakuvunja shingo."

Mboje akatema damu kando. Akauzungusha ule ulimi, akautafutia nafasi kati ya meno yaliyobaki, na neno la kwanza tangu aanguke likatoka, zito, limevimba.

"Na wewe je?"

Maduhu akatazama moto uliokuwa ukifa kwenye nguzo ya mzani.

"Utanivuta," alisema.

"Miguu, au kichwa?"

"Popote penye kushikika, ngosha. Usiulize, vuta tu."